Kabla ya Kumnyang'anya Simu

Wazazi wenzangu, walimu, hamjambo. Wanaonijua hapa Kisumu wameshaanza kucheka: "Leo tena ni ile ya bahasha." Ndiyo, ni ile ile. Nitaacha kuisimulia siku mtakapoacha kuniletea simu.

Baba mmoja alitoka Ahero alfajiri akaja na mwanawe, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Hata hajaketi, akatua bahasha ya kaki mezani. Ndani, simu. "Daktari, ugonjwa ndio huo, nimeshaukamata." Mimi ni mshauri nasaha tu, lakini nilinyamaza. Kijana alikuwa haendi darasani, hali chakula vizuri, anakesha mtandaoni. Simu ilikuwa na baba wiki tatu. Nikauliza, sasa analala? Baba akamtazama mwana, mwana akatazama sakafu. Alikuwa akishinda saiba, kwenye kompyuta za kulipia intaneti, kule Kondele mpaka wafunge, kisha anakaa macho gizani.

Nikamwomba mzee akanywe chai. Kijana nikamuuliza: kabla ya kuanza kukesha na simu, usingizi ulikuwaje? Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kumbe usingizi ulimpotea kabla, muhula alipozuiwa kufanya mtihani. Karo alikuwa ametumiwa. Sehemu alilipa kodi ya chumba Nyalenda, iliyobaki akaibeti akitumaini kuirudisha yote. Nyumbani hajasema neno. Baba aliuza ng'ombe kupata ile karo, na kijana akizima taa anamwona yule ng'ombe. Kwenye video hamwoni.

Sasa niambieni, ile bahasha ilikamata nini?

Najua yuko anayenung'unika pale: "Kwa hiyo simu haina kosa?" Sijasema hivyo, mama. Video zimepangwa zisiishe. Ukisukuma moja, nyingine iko tayari. Kijana akikosa usingizi siku nyingi, moyo unazama, na moyo ukizama anarudi kule kule. Kipi kilitangulia? Mara nyingi hata yeye hajui. Ndiyo maana nauliza kabla ya kunyang'anya.

Na hili jina "uraibu wa intaneti" tusilibandike ovyo. Mwaka 1995 Ivan Goldberg, daktari wa akili wa New York, alilitunga kama mzaha, na wenzake wakamjibu kwamba nao wanao ugonjwa huo! Mwanasaikolojia Kimberly Young alilichukulia kwa uzito, akatoa kipimo cha maswali 20 mwaka 1998. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 ina uraibu wa michezo ya kidijitali, na kwa kawaida dalili zinatazamwa kwa miezi 12. Wewe umempa mwanao ugonjwa kwa Jumamosi moja.

Tena kuna anayekesha kwa sababu bando ya usiku ni ya bei nafuu. Huyo anapiga hesabu tu.

Kamari nilitaka kuizungumzia yenyewe, muda hautoshi. Ila hili lazima: kijana akikwambia amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, simu yake mkononi mwake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Tuanze na yule baba wa nyuma, amenyoosha mkono tangu nitaje ng'ombe.