Kona ya Juu, Upande wa Kulia

Mhadhara uliotolewa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mtaa, Eastlands, Nairobi

Hamjambo nyote. Naomba nianze kwa kuwaonyesha mtu. Yule mzee wa mstari wa mwisho, mwenye kofia magotini, ni mume wangu. Viti vya mbele vipo tele na amekaribishwa mara mbili. Hataki. Kwa miaka 17 alitazama mambo yote kutoka nyuma kabisa, juu, kupitia kidirisha kisichozidi ukubwa wa daftari la hesabu. Alikuwa mwonyesha picha. Nyinyi vijana mnasema muvi, sisi tulisema picha. Ukimsikia mtu akisema "twende picha", mwamkie shikamoo kwanza, maswali baadaye. (Kicheko.)

Waandaaji wameniomba nizungumze juu ya ndoa na starehe za jioni. Nadhani walimtarajia mwalimu mstaafu wa Kiswahili awaambie wanandoa wapumzike pamoja, kisha tunywe soda. Lakini mimi niliolewa mwaka 1989 na mtu ambaye kibarua chake kilikuwa kuwastarehesha wenzake jioni. Wenzake wakitoka na wake zao, yeye ndiyo kwanza anaingia kazini. Kwa hiyo ninachojua juu ya kutoka jioni nilikijua kwa kukikosa kwanza.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana imekwisha duniani na wajukuu zetu hawataiona. Picha ilikuwa utepe wa milimita 35, unaopita mbele ya taa kwa fremu 24 kila sekunde. Rili moja ya futi 2,000 huenda dakika kama 22. Picha ya muda wa saa mbili ni rili kama sita, na ya Kihindi usiseme. Chumbani mna mitambo miwili. Rili ya kwanza ikikaribia kwisha huku, ya pili imeshapakiwa kule inangoja. Sasa atajuaje wakati wa kubadilisha? Kuna alama, kidoa cha duara kwenye kona ya juu, upande wa kulia wa picha. Kidoa cha kwanza hutokea sekunde kama nane kabla ya rili kwisha, naye huwasha mota ya mtambo wa pili. Cha pili hutokea imebaki sekunde moja hivi, na hapo anabadilisha. Akizubaa, ukumbi mzima unatazama kitambaa cheupe, miluzi inaanza, na mama yake mzazi anatajwa na watu wasiomjua.

Fikirieni basi kulala na mtu wa namna hiyo. Kila baada ya dakika ishirini, usingizini, anashtuka, mkono unapapasa ukuta ukitafuta swichi. Mwaka wa kwanza nilidhani ni mapepo. Mama yangu alishauri tumpeleke kwa watu wa maombi. Mzee, nimesema uongo? (Anatikisa kichwa.)

Tulikaa mtaa wa Umoja. Mimi nilitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda shule, yeye amelala kwa sababu ameingia saa sita usiku. Nikirudi saa kumi na moja jioni, ameshapanda matatu ya mjini. Tulikuwa tukiandikiana kwenye karatasi za nyuma za madaftari ya wanafunzi, tunaziacha mezani chini ya kopo la chumvi. "Unga umekwisha." "Mtoto wa pili ana kikohozi." "Kodi nimelipa, risiti iko kabatini." Siku moja aliandika, "Umekata nywele?" Nilikuwa nimezikata siku tisa kabla.

Mtu atasema, si angekuingiza bure? Aliniingiza. Nilivaa gauni la Jumapili, nikakaa katikati ya watu wawili-wawili. Wimbo wa taifa ukapigwa, bendera ikapepea kwenye kitambaa, tukasimama wima kama ilivyokuwa desturi ya majumba yote ya picha, kisha tukaketi. Mwanga ukapita juu ya kichwa changu ukitokea kwake, na huo ndio ulikuwa ukaribu wetu wa jioni hiyo. Kulia kwangu kijana akamlisha mchumba wake bisi. Mimi nilijilisha.

Tukajaribu siku yake ya mapumziko, Alhamisi. Picha mpya huanza Ijumaa, hivyo Alhamisi mji huwa umepoa. Tukaenda jumba jingine, tukakaa bega kwa bega hatimaye. Nikamgeukia sehemu ya huzuni, mwenzangu hana habari na huzuni. Macho yameganda kwenye ile kona. Kidoa kikatokea. Akanong'ona, "Moja." Kisha, "Mbili. Amechelewa huyu." Tulitoka pale mimi nimeona hadithi ya mjane, yeye ameona kazi ya mwenzake yenye kasoro.

Ndipo tukageukia tamthilia, si kwa usomi wala kwa maringo. Nilitafuta tu mahali pasipo na kidoa.

Jumba la Kitaifa la Maigizo mnalijua, liko Barabara ya Harry Thuku, linatazamana na hoteli ya Norfolk. Lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule wakoloni walipotangaza hali ya hatari. Mama mkwe aliposikia tunakokwenda aliuliza, "Kwa Wazungu?" Hakuwa amekosea sana. Nchi ilikuwa na uhuru miaka 13 tayari, mwaka 1976, na bado tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ilipewa siku chache tu katika jumba linaloitwa la taifa. Mama mkwe alikuwa mtu mzima wakati huo, na aliyasikia hayo. Nilimwambia, "Mama, sasa tunaingia sisi." Akajibu, "Ingieni, lakini mle kwanza nyumbani." Tuliufuata ushauri huo miaka yote, na ulituokolea pesa nyingi.

Basi Alhamisi ile, kama nusu saa baada ya kuanza, stima ikapotea. Giza totoro. Mume wangu akanikamata mkono kwa nguvu, mwili mzima umekakamaa. Alikuwa akingoja miluzi. Haikuja. Jukwaani mwigizaji, mwanamke, akanyamaza kitambo kidogo tu, halafu akaendelea kusema maneno yake gizani, taratibu zaidi, na mwenzake akamjibu. Mtu akaleta tochi. Tukasikiliza dakika kumi hivi kwa tochi na sauti. Stima iliporudi tulipiga makofi kana kwamba sisi ndio tulioirudisha. Nikamtazama mzee wangu, naye alikuwa analia. Nikadhani ni hadithi imemgusa. Njiani akaniambia, "Hakuna aliyempigia kelele."

Nilikuwa nimeishi naye miaka mitatu na sikujua kwamba ile miluzi ilikuwa inamuumiza. Angeniambia lini? Kwenye karatasi chini ya kopo la chumvi?

Kutoka hapo Alhamisi ikawa yetu. Ukumbi mdogo wa Phoenix, pale Professional Centre, Barabara ya Bunge, ulikuwa wetu pia, na Alliance Française tuliposikia kuna vichekesho. Na niwaambie jambo kuhusu vichekesho vya jukwaani. Mwenzako akicheka pale, unajua anachokicheka ni nini. Mimi nilicheka waume wakidanganya. Yeye alicheka wakwe. Tukarudi kwenye matatu kila mtu ana la kumuuliza mwenzake, na kutoka mjini hadi Umoja hakutoshi.

Lakini nimeruka mtu, na ndiye hasa aliyenifanya nikubali kusimama hapa.

Sisi tunapocheka mjini, nyumbani kuna watoto watatu. Nani yuko nao? Dada. Msichana wa miaka 19 aliyetoka kijijini kuja kutusaidia kazi. Alhamisi moja tulirudi saa tano usiku, mvua imenyesha, nauli imepanda maradufu kama kawaida ya mji huu, tumechelewa. Tukamkuta amelala mezani, kichwa juu ya mikono, jiko la mafuta limezimwa, chakula chetu kimefunikwa. Akaamka, akatupakulia. Halafu akasema kwa adabu kabisa, amesimama, "Mama, mkitoka nyinyi mimi nabaki. Mimi natoka lini?"

Mzee wangu aliacha kutafuna. Mimi, nakiri mbele yenu, nilikasirika. Nilimwona amevuka mpaka. Nilikuwa na jibu kali mdomoni kuhusu Jumapili za kanisa. Yeye ndiye aliyesema, "Ana haki." Tulibishana usiku huo, na kwa mara ya kwanza tulibishana ana kwa ana badala ya kwa barua, jambo ambalo sasa naliona kuwa maendeleo.

Tukakubaliana. Jumapili moja kila mwezi, alasiri, dada anapewa nauli na anaingia picha kwa mkono wa mzee, bure. Watoto nabaki nao mimi.

Hatukujua tumefungulia nini. Alirudi Jumapili ya kwanza, akafunga kanga, akaanza kukaanga kitunguu huku akiwasimulia watoto picha nzima. Na alijua kusimulia! Mwiko ukawa bastola, sufuria ikawa usukani, adui akafa pale mlangoni pa choo. Watoto wangu walikua bila kuingia jumba la picha, maana tiketi za watoto watatu hatukuziweza, lakini wanazo picha vichwani walizopewa jikoni na dada. Wakubwa kwa wadogo, tulikaa chini tukasikiliza. Baadaye sana, DJ Afro alipotokea na picha zake za kupigana anazozisimulia kwa Kiswahili, nami kama mwalimu nikakunja uso kwa ile sarufi, mwanangu mkubwa alisema, "Mama, huyu si anafanya kama dada tu?" Nikanyamaza. Sarufi yenyewe bado siikubali.

Kuna jioni mzee alimuuliza dada, "Uliona kidoa?" Akamweleza. Mwezi uliofuata dada alirudi na malalamiko, kwamba tangu aambiwe haoni kitu kingine. Wakawa wawili nyumbani. (Kicheko.)

Siku hizi dada ana watoto wake, na ana duka mahali fulani. Sitasema zaidi, hakunipa ruhusa.

Jinsi majumba yalivyokwisha nitapita haraka, maana mnayajua. Kanda za video ziliingia mitaani, vibanda vikafunguliwa, kisha sidii za River Road. Baadhi ya majumba yakawa makanisa, mengine maduka. Shan ya Ngara angalau ilibaki na sanaa, ndiyo leo Sarakasi Dome. Kinachonichekesha ni kwamba Nairobi iliyazika majumba lakini makanga hawakukubali. Mtu anashuka Odeon ambaye hajawahi kuona picha Odeon. Kuna kituo cha Bellevue Barabara ya Mombasa na cha Drive-In Barabara ya Thika, na pale watu walikuwa wakitazama picha ndani ya magari yao usiku. Mzunguko wa Globe pia ni jina la sinema. Tunaelekezana njia kwa majina ya marehemu.

Jumba la mzee wangu, ambalo silitaji, lilifungwa moja kwa moja mwaka 2001, ndani ya wiki moja, na mishahara ya miezi miwili inadaiwa hadi leo. Akawa fundi wa stima mtaani. Na sasa yuko nyumbani kila jioni! Mngedhani ni furaha. Miezi ya kwanza tulikaa sebuleni kama abiria wasiojuana. Niliwahi kumwandikia karatasi akiwa ameketi mita mbili kutoka kwangu. Iliyotuokoa ni Alhamisi. Hata pesa zilipokauka, Alhamisi tulivaa, tukaenda mjini, tukatembea hadi Harry Thuku, tukasoma mabango ya michezo ukutani, tukabishana juu ya mchezo tusioweza kuulipia, tukarudi. Jumba la Kitaifa lilipofungwa kwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2015 tulikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kwenda kukagua viti. Mzee alikagua taa.

Mwezi uliopita binti yetu alitununulia tiketi za sinema ya kisasa kwa simu, kwenye moja ya maduka makubwa. Viti vinalala. Filamu siku hizi haina utepe, inakuja kama faili la kompyuta, kwa hiyo hakuna rili wala kidoa, na chumba cha nyuma huenda hakina mtu kabisa. Nikajiambia, leo hatimaye tutaona hadithi moja. Taa zikazimwa. Mzee akatazama kona kidogo, akaona hakuna kitu, akavuta pumzi, akasinzia. Nikamwacha.

Dakika ya ishirini hivi akashtuka. Mkono ukaruka kutafuta swichi, ukakuta ndoo yangu ya bisi, na bisi zote zikamwagika kwenye mapaja ya kijana wa jirani, aliyekuwa na mchumba wake.

Yule kijana hakupiga mluzi. Aliokota moja, akala.

Haya, nani ana swali? Mzee, wewe hapana, wewe utaniuliza kwenye matatu.