Madoa Meupe kwa Samaki wa Tangi: Namna ya Kuyatambua na Kuyatibu Hadi Mwisho

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo ninarekodi nyumbani kwangu Nyakato, jijini Mwanza, mbele ya tangi la kioo lenye furu wanane, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, na gogogo wawili, ambao ni jamii ya kambare, kwa sababu asubuhi hii nimemkuta dume mmoja akijisugua ubavu kwenye jiwe. Kazi yangu ni kutengeneza na kuuza matangi ya namna hii, na wateja wengi hunipigia simu wakati samaki wamekwisha kufa, ilhali ugonjwa huu hutibika ukiwahiwa.

Tuanze kwa kutazama. Mniwie radhi kwa mng'ao wa kioo, nazima taa ya chumba na kumulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, kwa kuwa mwanga wa mbele huficha kila kitu. Hapo sasa, kwenye pezi la mkia mnaona punje nyeupe zilizoinuka kidogo juu ya ngozi, kila moja ikiwa kama chembe ya chumvi na isiyozidi milimita 1. Mtazameni pia anavyobana mapezi yake na kupumua harakaharaka. Wakati mwingine vimelea hujaa kwenye matamvua peke yake, ngozi ikabaki safi, kwa hiyo samaki anayehema karibu na uso wa maji asipuuzwe kwa sababu tu hana doa.

Msichanganye dalili hizi na mambo mengine. Miduara ya njano au ya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini la furu dume ni urembo wake wa kuzaliwa, unaofanana na mayai na kutumika wakati wa kuzaliana. Furu jike aliyetuna koo na kukataa chakula huenda amebeba mayai mdomoni, basi mwacheni atulie. Utando kama pamba kwa kawaida ni kuvu, na unga wa rangi ya dhahabu uliotanda mwilini ni kazi ya kimelea kingine.

Kimelea chetu cha leo kilielezwa na Fouquet wa Ufaransa mwaka 1876, na jina lake la kisayansi ni Ichthyophthirius multifiliis, maana yake chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Kwa kweli si chawa bali ni kiumbe cha seli moja, lakini hilo la watoto wengi ni sahihi kabisa. Kila doa mnaloliona ni kimelea kimoja kinachojilisha chini ya ngozi ya samaki, mahali ambapo dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka, hujishika kwenye changarawe au jiwe, hujifunika ganda na kujigawa kuwa mamia ya vimelea vichanga, ambavyo hutoka kuogelea na kutafuta samaki, na visipompata ndani ya siku 2 hivi hufa. Tiba huua hivi vinavyoogelea, na ndiyo sababu haiwezi kuwa ya siku moja.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Miaka michache iliyopita nilianza tiba vizuri, na siku ya tano madoa yote yakatoweka, nikafurahi, nikazima hita na kubadilisha maji yote. Wiki iliyofuata madoa yalirudi maradufu, nikapoteza furu watano. Madoa yalikuwa yamehamia chini kwenye changarawe tu. Madoa yakitoweka, msiache tiba.

Sasa tuingie kazini. Nyonyeni uchafu wa changarawe kwa mpira, mkitoa takriban robo ya maji, kisha mrudishe maji yaliyolazwa kwenye ndoo wazi kwa saa 24 ili klorini itoke. Kama kichujio kina mkaa, utoeni, kwa kuwa hunyonya dawa za rangi iwapo mtalazimika kuzitumia.

Pandisheni joto taratibu, nyuzi 1 kila baada ya saa kadhaa, hadi nyuzi 30 za Selsiasi. Katika joto hilo mzunguko wa kimelea huenda kasi na uwezo wake wa kuzaliana hupungua sana. Msiiamini namba iliyoandikwa kwenye hita, bali tumbukizeni kipimajoto upande wa pili wa tangi. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo pampu ya hewa lazima ifanye kazi usiku na mchana. Wenye samaki wa dhahabu wasifike huko, kwa sababu hao hupenda maji ya baridi. Wao wategemee zaidi chumvi.

Chumvi ninayoipendelea ni ya mawe, isiyo na viungo wala unga wa kuzuia kugandamana. Kipimo ni gramu 2 kwa kila lita ya maji yaliyomo, wala si kwa ukubwa wa tangi, maana mawe nayo huchukua nafasi. Nilipolijaza tangi hili nilihesabu ndoo tano za lita 20, yaani lita 100, kwa hiyo nahitaji gramu 200. Sitaziweka kwa mara moja. Naweka gramu 70 sasa, 70 baada ya saa 12, na 60 baada ya saa 12 nyingine, kila mara nikizikoroga kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi hadi isibaki hata punje moja, kwa sababu punje ikimwangukia gogogo humuunguza.

Samahani, umeme umekatika. Kamera inaendelea kwa betri, lakini pampu imesimama, na hili haliwezi kusubiri. Nachota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa, kisha nafunika tangi kwa blanketi ili joto lisishuke ghafla. Kama umeme hukatika mara kwa mara mtaani kwenu, pampu ndogo ya betri ni ya lazima.

Umerudi, tuendelee. Kila baada ya siku 2 nyonyeni tena changarawe, na mkitoa lita 20 mrudishe lita 20 zenye gramu 40 za chumvi. Lakini maji yakipungua kwa mvuke, ongezeni maji matupu, kwa kuwa chumvi haiondoki na mvuke.

Gogogo hana magamba, na dawa za rangi au za shaba humdhuru upesi, ndiyo maana naanza na chumvi na joto. Malakaiti ya kijani, mojawapo ya dawa hizo za rangi, huua vimelea hivi vizuri, lakini Ulaya na Marekani hairuhusiwi kwa samaki wa kuliwa, kwa hiyo mwenye vizimba vya sato asije akaiiga kutoka kwenye tangi la urembo.

Hesabuni siku 10 tangu siku mlipoona doa la mwisho, hata samaki wakionekana wazima. Baada ya hapo punguzeni chumvi kwa kubadilisha maji kidogokidogo na mshushe joto kama mlivyolipandisha. Maji mnayotoa yamwageni kwenye ardhi kavu, yasifike mtaroni wala ziwani, kwa kuwa huko ndiko furu wetu wa porini waliko. Kila samaki mpya akae kwenye tangi la pembeni wiki 4 kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Sasa ni saa tatu asubuhi, na chumvi ya pili nitaiweka saa tatu usiku. Kesho nitawaonyesha mkia wa huyu dume kwa tochi hiihii.