Muuguzi Aliyerudi Wodini bila Funguo za Dawa

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie uraibu, na naona baadhi yenu mmeshachukulia kwamba ni habari za watu wengine. Nitazungumzia wodi za hapahapa Marekani, ambako wengi tuliotoka Kenya, Tanzania na Kongo tunafanyia kazi.

Daktari ameandika nusu ya kichupa cha mofini, dawa kali ya maumivu inayoweza kuleta uraibu. Nusu iliyobaki inatakiwa imwagwe mbele ya shahidi. Saa tisa usiku, wodi ina wauguzi pungufu, mwenzako anakwambia, "Nisainie tu dada, nimeshamwaga." Unasaini, kumbe nusu ile ameitumia mwenyewe. Naye pengine alianza na vidonge halali kabisa, alivyoandikiwa kwa mgongo uliochoka kunyanyua wagonjwa.

Zamani akigundulika, kazi na leseni vilikwenda pamoja. Mwaka 1982 Chama cha Wauguzi cha Marekani kilipitisha azimio la kutaka muuguzi mwenye uraibu atibiwe kabla ya kufikiriwa adhabu. Mwaka uliofuata Florida ikaanzisha kwa sheria mradi wa kuwasaidia wauguzi wa namna hiyo, uitwao Intervention Project for Nurses, na majimbo mengi yakafuata kwa mitindo yao.

Msidhani ni mteremko. Mkataba ambao muuguzi husaini na programu hizi huwa wa miaka mitatu hadi mitano. Kila siku muuguzi anaripoti kwa simu au mtandaoni kujua kama ameteuliwa kupimwa. Akiteuliwa, anatoa mkojo siku hiyohiyo, na mara nyingi gharama ni yake. Akirudi kazini, kwa miezi kadhaa hagusi mofini wala fentanili, dawa nyingine kali ya maumivu. Wenzake ndio wanaowapa wagonjwa wake. Zamu za usiku na za ziada anaweza kukatazwa, na hizo ndizo zinazolipa ada za wadogo zake nyumbani. Mama akipiga kuuliza mbona mwezi huu hela imepungua, atamwambia nini?

Kuna na vituko. Kipimo kimoja cha pombe, EtG, ni chepesi kuhisi kiasi kwamba hata sanitaiza ya mikono inaweza kukifanya kionyeshe pombe. Mwaka 2006 SAMHSA, wakala wa serikali unaoshughulikia uraibu, ulionya kipimo hicho kisitumike peke yake kama ushahidi. Mnacheka, lakini niambieni ni muuguzi gani anayemaliza zamu bila sanitaiza.

Ugomvi wangu hasa ni huu. Machi 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilibaini kwamba Bodi ya Uuguzi ya Indiana ilivunja sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Ilikuwa inawazuia wauguzi wanaotumia dawa za kutibu uraibu wa afyuni na jamii yake, kama mofini, kushiriki katika programu ya kurejesha leseni. Dawa hizo, kama methadoni na buprenofini, ni tiba. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanatoa methadoni tangu 2011, na hakuna anayewaambia wagonjwa pale kwamba hawajaacha. Sasa programu iliyojengwa juu ya hoja kwamba huu ni ugonjwa ilikuwa inamwambia muuguzi aache dawa ya ugonjwa wenyewe, tena kama sharti la kurudi kazini! Mimi naunga mkono kupimwa mkojo kwa ghafla. Naunga mkono kunyimwa funguo, maana mgonjwa aliyetoka kupasuliwa ana haki ya dozi yake yote. Lakini dawa alizoandikiwa na daktari wake ni za daktari na yeye, bodi iangalie kazi yake.

Ukijiona unaelekea huko, tafuta msaada kabla hujakamatwa, kwa sababu majimbo mengi humpokea kwa wepesi zaidi aliyejitokeza mwenyewe. Kabla ya kutia sahihi mkataba, mwonyeshe wakili wa mambo ya leseni, na uulize waziwazi juu ya dawa unazotumia. Na mwenzako akirudi wodini kwako akiwa chini ya uangalizi, mtolee dawa za wagonjwa wake bila kuguna.

Haya, maswali. Tuanze na kaka pale dirishani.