Dave Arneson na mhusika asiyekufa kwa pigo moja

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Gary Gygax wengi wenu mnamjua. Jioni hii tutamzungumzia mwenzake, Dave Arneson wa Minnesota, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947. Sanduku la kwanza la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons lina majina yao wawili, na kwangu mimi moyo wa mchezo ule ulitoka kwa Arneson.

Tuanze na vita vya mezani kama vilivyochezwa miaka ya 1960. Mchezaji alikuwa jemadari: anapanga vikosi vya askari wadogo wa kuchonga au wa bati, anarusha dadu, waliokufa wanaondolewa. Kete ya bao haina jina, na askari yule naye hakuwa na jina. Mwaka 1969 David Wesely aliandaa mchezo wa zama za Napoleon katika mji wa kubuni uitwao Braunstein, akampa kila mchezaji mtu mmoja wa kumwigiza: huyu meya, yule mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo. Basi wachezaji wakaanza kunong'onezana pembeni, kupanga njama, hata kutakana ubaya na kupigana wawili wawili. Wesely akaona mchezo umemharibikia. Wao wakamwomba mwingine! Arneson alikuwa miongoni mwao.

Mwaka 1971 akaanzisha wake, Blackmoor: ngome, mji wake, na chini ya ngome mahandaki yenye mazimwi na hazina. Mchezaji alibaki na mhusika yule yule mchezo hadi mchezo, akipata uzoefu na kupanda daraja. Ramani ilikaa kwa mwamuzi peke yake. Wachezaji wanasema, "Tunafungua mlango wa kushoto," naye anawaeleza wanachokiona.

Kanuni ndizo zilizomkwamisha. Alianza na Chainmail, seti ya kanuni za vita vya mezani ya Gygax na Jeff Perren, ambayo katika mapambano ya mtu kwa mtu inakutaka urushe dadu mbili za pande 6 na kutazama jedwali la silaha dhidi ya deraya. Ukifikisha namba, adui amekufa. Kwa kikosi cha watu 20 hilo halina shida. Kwa mhusika uliyemlea miezi mitatu ni msiba, na wachezaji wake walilalamika. Arneson alieleza baadaye kwamba dawa aliipata kwenye kanuni zake za manowari za chuma za karne ya 19. Manowari haizami kwa kombora moja: bamba lake lina unene wa kuzuia, na chombo kina kiasi cha madhara kinachoweza kubeba. Wazo hilo akalihamishia kwa binadamu, tukapata daraja la deraya, yaani ugumu wa kumpata mtu, na pointi za uhai, yaani madhara anayoweza kubeba.

Tazameni hesabu yake ilivyochapishwa 1974. Mpiganaji wa daraja la 1 hadi la 3 anahitaji 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20 kumpata adui asiye na deraya, yaani nafasi 11 kati ya 20. Adui akivaa deraya ya mabamba na kushika ngao, inahitajika 17: nafasi 4 tu. Pigo likipata, dadu moja ya pande 6 inatoa madhara, wastani 3.5. Zimwi lenye dadu 8 za uhai, yaani pointi zake hupatikana kwa kurusha dadu 8 za pande 6, lina wastani wa pointi 28, kwa hiyo linaanguka kwa mapigo 8. Bila deraya, hiyo ni mirusho kama 15. Likiwa na deraya kamili, ni mirusho 40! Waandaaji wanaoongeza uhai na deraya kwa pamoja hukosea hapo: hatari haizidi, kinachozidi ni muda, na meza inasinzia.

Mwishoni mwa 1972 Arneson na David Megarry, mchezaji wa Blackmoor, walikwenda Lake Geneva, Wisconsin, kumwonyesha Gygax. Baadaye akamtumia kurasa zipatazo 20 za maelezo yaliyotawanyika, na Gygax akayapanua hadi vijitabu vitatu. Januari 1974 kampuni ya TSR, ya Gygax na wenzake, ikatoa nakala 1,000, dola 10 kwa sanduku. Kazi ya Gygax ya kuandika ilikuwa kubwa, na haifai kuibeza. Ila hakuna kanuni ya kuandikwa kabla ya mtu kuicheza ikasimama.

Arneson aliajiriwa TSR 1976 na mwaka huo huo akaondoka. Kuanzia 1977 ulitolewa mchezo wenye neno Advanced mbele ya jina, na TSR ikashikilia kwamba huo ni mchezo mwingine, hivyo Arneson hadai mrabaha, yaani fungu lake la mauzo, humo. Akafungua kesi 1979. Wakapatana 1981, kwa makubaliano ya siri.

Katika miaka yake ya mwisho ya kazi alifundisha chuo cha Full Sail, Florida, hadi 2008, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Somo lake lilikuwa kutunga kanuni za mchezo na kuziandika kwa usahihi.