Mzigo Usioandikwa kwenye Hati ya Lori

Hamjambo wote, na asanteni kwa kunialika. Wengi wenu hapa ni wanafunzi wa uhandisi wa barabara, na najua baadhi mmetoka Njiru, Mwiki na Ruai, huko pembezoni mwa Nairobi, asubuhi hii. Kwa hiyo vumbi sina haja ya kuwaeleza. Mama anaanika nguo saa mbili, malori ya mawe yanapita, na kufika saa sita nguo nyeupe imekuwa ya kahawia. Leo nataka tulifuate vumbi hilo hadi Lokichar, kusini mwa Turkana, kwa maana huko ndiko wengine wenu mtaitwa kazini.

Mafuta yalipatikana huko Machi 2012, kwenye kisima cha Ngamia 1. Juni 2018 malori ya kwanza yalianza kuyashusha Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na Agosti 2019 meli ikaondoka na shehena ya kwanza, zaidi ya mapipa 200,000. Bomba la kwenda Lamu lingali kwenye michoro. Sehemu za barabara kuu zimepata lami, lakini njia za kuingia visimani ni changarawe na udongo. Kazi ikiwa inaendelea, huko hupita matangi, mitambo ya kuchimbia, malori ya maji, magari ya wafanyakazi. Kila lori lina hati inayosema limebeba nini. Vumbi halimo.

Nimesikia mara nyingi, hata kwa wasomi, kwamba Turkana ni kavu tangu jadi, basi vumbi lake ni la Mungu. Sikubali. Ardhi ya ukame ina ganda lake juu, na ganda hilo ndilo linaloshikilia udongo laini upepo usiubebe. Lori zito likipita, ganda linavunjika. Likipita la pili, changarawe inaanza kusagika. Gurudumu ni jiwe la kusagia, na kila safari unga unazidi kuwa laini. Mchanga mzito hurushwa na kutua hapo hapo. Ule unga laini ndio huelea, ukaingia manyattani, ukatua kwenye maganda ya mgunga ambayo mbuzi watakula.

Unywele wa mtu una unene wa kama maikromita 70, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe iliyo chini ya maikromita 10 hupenya pua na koo. Ikiwa chini ya 2.5, inafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri kwamba chembe zile za maikromita 10 kushuka chini zisizidi mikrogramu 45 kwa mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa 24. Simama kando ya njia ya changarawe lori likikupita kasi, utaelewa bila kipimo kwamba 45 imeachwa mbali.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Marekani, katika jimbo la North Dakota, uchimbaji wa mafuta ulipamba moto hadi mwaka 2014 ukapita mapipa milioni moja kwa siku. Kisima kimoja cha aina yao huhitaji zaidi ya safari 1,000 za malori kabla hakijatoa mafuta. Kaunti moja inayoitwa Dunn ilikuwa na mawe mazuri, rahisi kuchimba, na kwa miaka mingi walikuwa wameyamwaga barabarani, kwenye viwanja vya kuegesha magari, hata viwanja vya watoto. Ndani ya mawe yale mna madini yanayoitwa erionaiti. Ni nyuzi nyembamba mno, na hudhuru kama asbesto: husababisha saratani ya utando wa mapafu.

Walijuaje? Kwa sababu ya Uturuki. Katika eneo la Kapadokia kuna vijiji vilivyojengwa kwa mawe yenye erionaiti, na katika kijiji cha Karain karibu nusu ya vifo vilitokana na saratani hiyo moja. Mwaka 2011 watafiti walichapisha vipimo vya Dunn: kando ya barabara, ndani ya magari, hata ndani ya basi la shule, nyuzi hewani zilikuwa sawa au zaidi ya zile za Boyali, kijiji kingine cha Uturuki chenye ugonjwa huo. Na saratani hii huchukua miaka 30 au zaidi kujitokeza. Mtoto aliyepanda basi lile ataijua hali yake akiwa mzee.

Sisemi Turkana kuna erionaiti. Nasema jiwe hupimwa kwanza, ndipo humwagwa. Kipimo cha maabara ni cha siku chache.

Mtaambiwa dawa ni kunyunyizia maji. Ni kweli, yanazuia, lakini kwa jua la Lokichar yanakauka baada ya saa chache, na unanyunyizia tena, na tena, mbele ya mama aliyetembea mwendo mrefu na mtungi. Mimi siwezi kumtazama machoni nikimwaga maji hayo. Huko Pennsylvania, Marekani, walimwaga barabarani maji ya chumvi yanayotoka visimani pamoja na mafuta. Yakakutwa na radiamu, madini yenye mionzi, na mwaka 2018 zoezi likasimamishwa. Kilicho rahisi kuliko vyote ni mwendo. Punguza kutoka kilomita 80 hadi 40 kwa saa, na vumbi hupungua karibu nusu. Kisha pitisha njia mbali na kijiji, mbali na shule, mbali na kisima cha maji ya kunywa. Na pale ambapo haiwezekani, weka lami, hata kama ni kilomita mbili tu.

Ibara ya 42 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa jamii ya eneo asilimia 5 ya sehemu ya serikali. Hiyo asilimia haimlipi mtu mapafu.

Siku moja mtaletewa karatasi za mradi mtie sahihi. Tafuteni mahali palipoandikwa jiwe lilipimwa wapi, na kasi ya lori karibu na shule ni ngapi. Msipopaona, rudisheni karatasi.

Pale mezani nimeweka darubini na chupa mbili, moja ya vumbi la Njiru, moja la Lokichar. Njooni mtazame kabla ya maswali.