Bango, Bahasha na Mtu wa Mshahara

Wachungaji wangu, wazee wa kanisa, mama zangu, na ninyi vijana wa chuo cha Biblia mliokaa kule nyuma: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya makanisa yanayojitangaza kutafuta waumini, na juu ya mishahara ya watumishi wa madhabahu. Kwenye barua ya mwaliko yameandikwa kama mambo mawili. Naomba niyashike kwa mkono mmoja. Nilikuwa mhazini wa usharika kwa miaka tisa, na katika daftari la mhazini hayo mawili hukaa ukurasa mmoja: safu ya kushoto ni idadi ya waliohudhuria ibada, safu ya kulia ni sadaka. Ya kushoto ikipanda, na ya kulia hupanda. Ikishuka, kuna nyumba moja ambayo mambo yake yanaharibika mwezi huo, na mwenye nyumba hiyo ndiye anayesimama mimbarini Jumapili.

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili msidhani nimekuja kuwasema wachungaji.

Jumamosi moja jioni nilimkuta mchungaji wetu ofisini anamalizia mahubiri ya kesho yake. Aliandika kwa mkono, karatasi mbili, mbele na nyuma. Aliniambia somo linatoka Waraka wa Yakobo, sura ya 5, juu ya ujira uliozuiliwa. Nilijua mara moja anamlenga nani. Kulikuwa na mshirika wetu mmoja, mtu mwenye kampuni, ambaye kwa miezi kadhaa hakuwa amewalipa vibarua wake. Sita kati ya vibarua hao walisali pale pale kwetu, wakikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Na bahasha ya mshirika huyo ndiyo iliyobeba karibu theluthi ya mshahara wa mchungaji. Mchungaji hakuwa anajua. Mimi nilijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyezifungua zile bahasha.

Nikamwambia. Sikumkataza kuhubiri. Nilisema tu, "Mchungaji, ni vizuri ujue hesabu zimekaaje." Akainamia karatasi zake kitambo. Akauliza ada ya shule ya watoto wake ingelipwa kutoka wapi kama fungu hilo lisingeingia. Sikuwa na jibu. Akazikunja karatasi mara mbili, akaziweka katikati ya Biblia, na kesho yake tukahubiriwa Zaburi ya 23. Ilihubiriwa vizuri mno. Mwenye kampuni akatoka akimshika mchungaji mkono kwa mikono miwili. Wale vibarua nao wakatoka, kimya kimya, kama walivyoingia.

Tangu siku hiyo kuna neno katika Injili ya Yohana nisiloweza kulisoma kwa haraka. Yesu anamtaja "mtu wa mshahara", ambaye kondoo si mali yake, anayemwona mbwa-mwitu akija akawaacha kondoo na kukimbia. Zamani nilidhani mtu huyo ni mwovu, mlafi. Sasa najua anaweza kuwa mtu mwema kabisa, mwenye watoto shuleni na mhazini anayempenda. Wala hahitaji kukimbia kwa miguu. Inatosha abadilishe somo.

Hapo wengine watasema: basi asilipwe kabisa. Sikubaliani nao, na nitawaeleza kwa nini. Paulo katika 1 Wakorintho sura ya 9 anatetea haki ya mhubiri kula kwa kazi yake, kwa nguvu kuliko chama chochote cha wafanyakazi. Anauliza ni askari gani aendaye vitani kwa gharama zake mwenyewe, na ni nani apandaye mizabibu asile matunda yake. Walawi katika Torati walipewa zaka kwa sababu hawakugawiwa ardhi kama makabila mengine. Kanisa linalomlaza mchungaji na njaa huku washirika wake wameshiba linamdhulumu kibarua wake, na ule waraka wa Yakobo unalihusu. Tena kanisa lisilolipa mtu huishia kuongozwa na wale tu wanaoweza kufanya kazi bila kulipwa, yaani wenye mali na wenye muda. Mjane mwenye karama hatapata nafasi hapo.

Lakini angalieni Paulo alivyofanya baada ya kuitetea haki hiyo. Pale Korintho hakuitumia. Alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, na mahitaji yaliyobaki yakajazwa na ndugu waliotoka Makedonia. Hilo limeandikwa katika 2 Wakorintho 11, na mimi nalihesabu kuwa kiini cha jambo zima. Paulo alipokea fedha, tena kutoka makanisani. Ila waliompa walikuwa mbali, na waliokuwa wakimsikiliza hawakuwa wamemnunulia chochote. Alipotaka kuwakemea matajiri wa Korintho waliokula wakashiba kwenye meza ya Bwana huku maskini wakibaki na njaa, hapakuwa na mhazini wa kumwambia hesabu zimekaaje.

Wakristo wa mwanzo waliijua hatari hiyo. Katika Didake, mwongozo mfupi wa maisha ya kanisa, maandishi ambayo wataalamu wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, imeelekezwa kwamba mtume anayepita apewe malazi siku moja, na ikibidi ya pili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha kituo kinachofuata. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Na bado, sura chache mbele, maandishi hayo hayo yanasema nabii wa kweli anayetaka kukaa nao anastahili chakula chake. Walikuwa wakitafuta namna ya kumlisha mtu bila kununua ulimi wake. Ni kazi ngumu, na naona haya kwamba sisi tumeacha hata kuitafuta.

Sasa bango.

Kwa karne nyingi katika nchi za Ulaya mchungaji hakuhitaji kujitangaza, kwa sababu alilishwa na zaka ya lazima au kodi. Hayo nayo yalikuwa na uchungu wake. Huko Uingereza katika karne ya 17 jamaa wa George Fox, wale Waquaker, Wakristo waliojitenga na kanisa la taifa, walifungwa jela na kunyang'anywa mali kwa kukataa kulipa zaka ya kuwalisha makasisi wasiowataka. Huko Marekani jimbo la mwisho kuondoa kodi ya kanisa lilikuwa Massachusetts, mwaka 1833. Uhuru huo ni mwema, na sitaki turudi nyuma yake. Lakini uliacha swali: kama serikali hailipi, nani atalipa? Jibu likawa: yule utakayemvuta. Miaka 75 baadaye, mwaka 1908, mchungaji Mpresbiteri wa Marekani, Charles Stelzle, alichapisha kitabu kizima cha kuwafundisha wenzake namna ya kulitangaza kanisa kwa mafanikio. Bango halikuletwa na tamaa ya mtu mmoja. Lilikuja pale riziki ya mhubiri ilipofungwa kwenye idadi ya vichwa.

Nasi tuliweka bango. Nilitia sahihi malipo yake mimi mwenyewe. Upande mmoja picha ya mchungaji na mama mchungaji wakitabasamu, upande wa pili maneno makubwa: Hapa Ndipo Muujiza Wako Ulipo. Mchungaji aliona aibu juu ya picha ile, nasema kweli, lakini kamati ilishapitisha. Watu walikuja. Safu ya kushoto ikapanda, na ya kulia ikafuata, na mwisho wa mwaka tukamshukuru Mungu kwa ukuaji.

Kisha mimi na shemasi mmoja tukakaa na daftari la washirika wapya, jina kwa jina. Karibu wote walikuwa na barua za utambulisho kutoka makanisa mengine, au walitaja kanisa walilohama. Waliokuwa hawajawahi kubatizwa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hatukuwa tumevua samaki baharini. Tulikuwa tumevua kwenye ndoo ya jirani. Na jirani naye, miezi michache baadaye, akatundika bango kubwa kuliko letu.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa jingine. Mama mmoja alikuja na mtoto mgonjwa kwa sababu alilisoma lile bango. Alikaa nasi wiki saba. Mtoto hakupona. Siku ya mwisho alinijia mimi, mhazini, na hakuja kugombana. Aliuliza kwa upole kama kuna utaratibu fulani ambao yeye hakuufuata. Alikuwa ameahidiwa kitu kwa maandishi, akakifuata, akadhani kasoro iko kwake. Ningempa jibu gani? Kwamba yale maneno yalichaguliwa na kamati kwa sababu yanavuta macho?

Biblia yetu ya Kiswahili, ile tafsiri ya Union Version, ina kitenzi kizuri katika 2 Wakorintho 2:17: Paulo anasema yeye si kama walio wengi "walighoshio neno la Mungu". Kughoshi ni kutia kitu cha bandia ndani ya kitu halisi. Kitenzi cha Kigiriki kilichopo hapo kinatokana na jina la mchuuzi wa rejareja, hasa muuza divai, aliyejulikana kwa kuizimua divai kwa maji ili iwatoshe wateja wengi. Bango letu halikuwa uongo mtupu. Miujiza tunaiamini. Ilikuwa divai yenye maji.

Linganisheni na Yesu anavyopokea watu. Mmoja anamwambia atamfuata kokote aendako, naye anajibiwa kwamba mbweha wana pango, lakini Mwana wa Adamu hana pa kulaza kichwa chake. Tajiri anaondoka kwa huzuni, na hatusomi kwamba Yesu alimkimbilia kumpunguzia masharti. Mwenye ukoma aliyetakaswa anakatazwa asiseme. Na katika Yohana 6, umati unapopungua baada ya mafundisho magumu, anawageukia wale Thenashara: "Je! Ninyi nanyi mwataka kuondoka?" Hebu fikirini maneno hayo kwenye kikao cha kamati ya uinjilisti.

Kanisa la kale lilifuata nyayo hizo. Katika Mapokeo ya Kitume, maandishi ya taratibu za kanisa yanayohusishwa na Hippolytus wa Roma, mwalimu wa karne ya 3, anayetaka kuingia anahojiwa kwanza juu ya maisha na kazi yake, anahitaji mtu wa kumshuhudia, na anasikiliza mafundisho miaka mitatu kabla ya ubatizo, ingawa mwenye bidii angeweza kuhesabiwa kwa mwenendo wake badala ya muda. Mlango ulikuwa mzito. Na kanisa lenye mlango huo lilikua, bila picha ya askofu ukutani.

Najua nitaulizwa kama kutangaza ni dhambi. Kibao kinachosema hapa ni kanisa, ibada saa fulani, karibuni, ni adabu tu kwa mgeni. Shida huanza tangazo linapoahidi kitu, au linapomtanguliza mtu. Sura ya mchungaji ikiwa kubwa kuliko saa ya ibada, kuna jambo limeharibika tayari, na hapo sihitaji kuona vitabu vya hesabu.

Juu ya mshahara, naomba mchungaji atenganishwe na idadi ya vichwa, asitenganishwe na chakula chake. Zipo dayosisi zinazokusanya sadaka za sharika zote kwenye mfuko mmoja na kuwalipa wachungaji kwa kipimo kimoja, wa usharika mdogo sawa na wa mkubwa. Siyo dawa ya kila kitu; mfuko mkubwa nao una vishawishi vyake, na wakubwa wake wanahitaji kukaguliwa hadharani. Lakini mchungaji anayelipwa kutoka huko anaweza kusoma Yakobo 5 na mwezi ukaisha salama. Na penye kanisa lisilo na dayosisi, basi angalau mchungaji asijue kamwe nani katoa kiasi gani, na mhazini afunge mdomo wake. Hilo nalisema nikiwa najua gharama ya kuufungua.

Mwaka jana nilimtembelea mchungaji wangu yule. Amestaafu, macho yamepungua nguvu. Nilimwomba msamaha, akanishangaza: alisema na yeye amekuwa akitafuta namna ya kuniomba mimi. Nikamuuliza kama yale mahubiri aliwahi kuyahubiri popote. Akasema hapana. Akainuka, akaileta Biblia ile ile, na zile karatasi mbili zilikuwa bado mle ndani, zimekunjwa mara mbili, zimeanza kukatika kwenye mikunjo.

Amenipa nije nazo. Mwenyekiti ameniambia zimebaki dakika kumi kabla ya maswali, na zinatosha. Nitasoma kama alivyoandika, kuanzia andiko lake kuu, Yakobo 5, aya ya 4: "Angalieni, ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele, na vilio vyao waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi."