Nyumba Huficha Gharama

Ndugu zangu, habari za mchana. Nashukuru kwa kunialika. Walioandaa mkutano huu waliniomba nije kuwatia moyo wanaotaka kuanza biashara ndogo nyumbani. Moyo naona mnao tayari, ndiyo maana mmeacha shughuli zenu mkaja. Mimi nimekuja na mkoba.

Huu hapa. Kitambaa kizito cha pamba, ndani kina bitana, zipu moja, vishikio viwili vilivyoshonewa msalaba kwenye kona ili visinyofoke. Mikoba ya namna hii nimeishona miaka mingi kwenye meza ileile tuliyokuwa tukilia chakula. Miaka miwili ya kwanza niliiuza kwa hasara, na sikujua. Wateja walikuwepo, sifa zilikuwepo, oda hazikatiki, nashona usiku hadi vidole vinakufa ganzi. Mwezi ukiisha natafuta pesa siioni. Nilifikiri kuna mtu anachukua. Hakuna aliyechukua. Nilikuwa sijui mkoba mmoja unanigharimu kiasi gani, basi.

Leo nitasema jambo hilo moja, kwa sababu nimewaona wengi wakianguka hapo, tena watu wenye mikono mizuri kuliko yangu. Nyumba huficha gharama. Tunaambiwa raha ya kuanzia nyumbani ni kwamba hulipi pango. Ni kweli, na ni nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyohiyo ndiyo inayotufumba macho. Chumba kipo, umeme unalipwa pamoja na wa taa, mtoto anakata nyuzi, mwenzio anapeleka mzigo kwa mteja akiwa njiani kwenda kazini. Kila kimoja kina gharama yake, ila kwa kuwa hakuna anayekuletea ankara, hukiandiki. Bei unaipanga kwa kuangalia kile tu kilichotoka mfukoni.

Tuufungue mkoba. Kitambaa nilikihesabu. Zipu niliihesabu. Uzi sikuuhesabu, kwa sababu kibunda kimoja hushona mikoba mingi na siku kinapoisha hukumbuki ni mikoba ipi. Vipande vinavyobaki baada ya kukata sikuvihesabu, ingawa nilivinunua kwa bei ileile ya kitambaa kizuri. Angalieni kona hii, panapokutana tabaka nne: hapa ndipo sindano za cherehani zinapovunjikia. Mafuta ya mashine. Fundi wa mashine. Nauli ya kufuata zipu iliyoisha katikati ya kazi. Na ule mkoba unaoharibika mara mojamoja, ambao gharama yake haina pa kwenda ila kwa mikoba mizima.

Halafu kazi yangu mwenyewe. Mtu akiniuliza mkoba mmoja unachukua muda gani, nilikuwa najibu, "Kama saa moja hivi." Siku moja nikaweka saa mezani na karatasi pembeni. Toka kukata mpaka kukunja na kufunga: saa 2 na dakika 40. Sikuwa nadanganya watu. Nilikuwa nahesabu muda wa kushona tu, yaani ule ambao mashine inalia. Kupima, kukata, kupiga pasi, kufumua nilipokosea, kumjibu mteja anayetaka kujua kama rangi nyingine ipo, hayo yote niliyaona kama maisha ya nyumbani.

Kwa hiyo nikajiwekea kipimo, na nawapa nanyi. Jiulize: kama ningelazimika kumlipa mtu mwingine ashone, na kupanga chumba cha kushonea, bei hii ingesimama? Kama haisimami, tofauti yake kuna mtu anailipa. Ni wewe, kwa usingizi wako, na ni watu wa nyumbani kwako, kwa vitu ambavyo hawakununuliwa. Unaweza kukubali kulipa hivyo kwa muda, ukiwa unatafuta wateja. Lakini ujue kwamba unalipa, na ujue utaacha lini.

Msione kosa hili ni la wasiosoma. Mwaka 1939, huko Palo Alto, California, wahandisi wawili, Bill Hewlett na David Packard, walianza kampuni kwenye gereji ya nyumba ya kupanga wakiwa na mtaji wa dola 538. Habari yao husimuliwa sana, na kinachosimuliwa ni ile gereji. Mimi nashika mambo mengine mawili. Kwanza, nyumba ilivyobeba gharama: rangi ya vifaa vyao waliikausha kwa moto wa oveni ya jikoni kwa akina Packard. Na mke wa Packard, Lucile, aliendelea na ajira yake katika chuo kikuu cha Stanford, kwa hiyo mshahara uliingia nyumbani hata biashara ilipokuwa haijaleta kitu. Pili, kifaa chao cha kwanza, cha kupimia mitambo ya sauti, walikipangia bei ya dola 54.40. Namba hiyo waliitoa kwenye kaulimbiu ya zamani ya mgogoro wa mpaka wa Marekani, haikutoka kwenye hesabu. Baadaye wakagundua kwamba kwa pesa hiyo hawawezi hata kukitengeneza. Kilichowaokoa ni kwamba kifaa cha mshindani wao wa karibu kiliuzwa dola 400, kwa hiyo walikuwa na nafasi ya kupandisha. Wengi wetu hatuna nafasi kubwa hivyo. Mimi nilipopandisha bei, robo ya wateja waliondoka, na niliumia. Waliobaki ndio walionipa faida ya kwanza niliyoweza kuishika mkononi.

Hapa kuna hesabu ndogo naomba mwiandike. Chukua kitu unachokiuza 100, na gharama zake zote, ukiwemo ujira wako, ni 80. Faida ni 20. Anakuja mtu, pengine ndugu, anasema, "Nipunguzie kidogo tu, kumi." Inaonekana ni sehemu moja ya kumi. Sivyo. Umempa nusu ya faida yako. Ili upate ileile 20 inabidi uuze viwili, ushone viwili, usafirishe viwili. Sisemi usimpunguzie mtu. Nasema umpunguzie ukijua unampa nini. Mimi ndugu zangu wawili nawapunguzia hadi leo, na huandika kwenye daftari kwamba ni zawadi, inatoka kwenye ujira wangu. Mtaji haiugusi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha maelezo ya jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoweka hesabu zao. Alitaja madaftari matatu, na la kwanza ndilo linalotufaa sisi wa nyumbani: daftari la kumbukumbu, ambamo kila kinachoingia na kutoka kinaandikwa palepale kinapotokea, na mwenye mali asipokuwepo, anaandika aliyekuwepo. Miaka zaidi ya 500 imepita na sijaona njia bora. Langu linaning'inia kwenye msumari karibu na cherehani, kalamu nimeifunga kwa uzi ili isihame. Mwanangu akichukua zipu moja kutengenezea begi lake la shule, anaandika. Mwanzo watu wa nyumbani waliona ni ubahili. Nikawaonyesha kurasa za mwezi mmoja, tukahesabu pamoja, na tangu siku ile wananikumbusha wao.

Pesa nazo zitenganishwe: akaunti mbili, au hata mikebe miwili. Kama nyumba inahitaji kitu, inangoja ujira wako, na ujira uwe na tarehe na kiasi, hata kiwe kidogo cha kusikitisha. Anayechota kila anapohitaji hawezi kujua anakula faida au anakula mtaji, mpaka siku mteja anapoleta oda kubwa na hakuna cha kununulia kitambaa.

Mengine nitayapitia haraka. Kabla hujaanza, ulizia kibali na kodi pale unapoishi, na kama nyumba ni ya kupanga, soma mkataba wako. Anza na bidhaa moja. Chukua arubuni kabla ya kukata kitambaa. Mteja anayekataa kutanguliza hata kidogo mara nyingi ndiye atakayekuachia mzigo. Mkopo usubiri mpaka daftari lionyeshe miezi kadhaa ya faida, kwa sababu mkopo haurekebishi bei mbovu. Ukiuza kwa hasara, kuuza zaidi kunaongeza hasara.

Sasa mkoba huu nauzungusha. Ushikeni, ugeuzeni ndani nje, vuteni zipu. Nimetaja gharama nyingi, lakini ziko nyingine kama tatu ambazo sijazitaja, na moja iko ndani ya bitana. Kila mmoja aandike anayoiona. Tuanze na safu ya mbele.